Mahindi na Maharagwe: Tofauti Iko Shinani

Mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, mashamba mengi ya Kanduyi hupokea mbegu mbili kwa pamoja. Mahindi hupandwa kwa mistari, maharagwe ya Rosecoco huingia katikati ya mistari hiyo, na yote hufunikwa kwa udongo uleule. Baada ya wiki moja hivi miche huchomoza, kila mmoja kwa namna yake. Mche wa mahindi hutoka wima, umechongoka, majani yake yamefungwa ndani ya ala. Mche wa maharagwe hutoka umeinama, shingo ikitangulia, kisha hujinyoosha na kuinua juu ya udongo vipande viwili vinene vya mbegu yake.

Vipande hivyo ni majani ya mwanzo, yaliyokuwemo ndani ya mbegu kabla haijagusa udongo. Vitabu huviita kotiledoni. Mbegu ya maharagwe ina kotiledoni mbili. Ya mahindi inayo moja tu, nayo haitoki nje kamwe: hubaki chini ikinyonya wanga na kuupitisha kwa chipukizi. Mgiriki Theophrastus alikwisha kuona, karne ya 4 kabla ya Kristo, kwamba nafaka na jamii ya kunde haziachani tu kwa ladha, zinaachana hata katika kuota. Lakini aliyeifanya tofauti hiyo kuwa msingi wa kuipanga mimea ni Mwingereza John Ray, katika kitabu chake cha mwaka 1682. Tangu hapo mimea inayotoa maua imegawanywa mara mbili, na mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya bado hukariri orodha ileile: kotiledoni moja au mbili, mishipa ya jani iliyonyooka sambamba au iliyosukwa kama wavu, mizizi ya nyuzinyuzi au mzizi mkuu, petali za tatutatu au za nnenne na tanotano, mirija iliyotawanyika shinani au iliyopangwa kwa duara.

Orodha hiyo si ya uongo. Ubaya wake ni kuyapa mambo matano uzito mmoja, na kumwacha mwanafunzi akidhani kwamba makundi haya ni ndugu wawili wa rika moja. Ukiyatembelea mashamba yaliyo kati ya Bungoma na Kitale ukiwa na swali hili akilini, utaona kuwa jambo moja ndilo linalobeba mengi ya mengine. Jambo hilo limo ndani ya shina: tabaka jembamba la seli ambalo upande mmoja unalo na upande wa pili uliupoteza urithi huo zamani sana.

Tuanze na mbegu, maana ndiyo iliyotoa majina. Sufuria ya githeri inatosha kwa somo. Haragwe lililoiva hupasuka nusu mbili, na kila nusu ni kotiledoni iliyojaa chakula. Punje ya hindi haipasuki hivyo. Sehemu yake kubwa ni ghala la wanga lililo nje ya kiinitete, na kotiledoni yenyewe ni kijisahani kidogo kilichokumbatia kiini pale chini ya punje. Mla ugali kwa maharagwe anakula ghala la upande mmoja na majani ya mwanzo ya upande wa pili. Hata hivyo mtu asikimbilie kusema kwamba mimea yote ya kotiledoni mbili huhifadhi chakula ndani ya kotiledoni. Mbono, ule unaotoa mafuta, una kotiledoni mbili nyembamba kama karatasi, na chakula chake kiko nje yake kama cha hindi.

Namna ya kuota nayo ina gharama shambani. Mche wa mahindi, ukiwa ndani ya ala yake, unaweza kupenya udongo kutoka kina cha sentimita tano na zaidi bila shida. Mche wa maharagwe sharti uburute kotiledoni zake mpaka juu. Mvua kubwa ikinyesha na jua kali likafuata, udongo hufanya ukoko, na mahali ambapo mahindi yamepita, maharagwe huvunjika shingo. Ndiyo sababu maharagwe hupandwa juujuu zaidi. Wakulima walilijua hili kabla ya kitabu chochote.

Majani ndiyo yanayodanganya zaidi. Mtoto aliyefundishwa kwamba kotiledoni moja ni mishipa sambamba, akipelekwa bondeni kwenye nduma, ataliangalia lile jani pana lenye umbo la moyo, mishipa yake ikigawanyika na kuungana, na ataiweka nduma pamoja na maharagwe. Atakuwa amekosea. Nduma ni ya kotiledoni moja, na viazi vikuu vya Pwani pia, ingawa majani yao ni mapana na yana wavu. Mizizi nayo ina mtego wake. Ng'oa muhogo au kiazi kitamu na hutaona mzizi mkuu, kwa kuwa vilipandwa kwa vipande vya shina au marando, na mizizi yote iliota kutoka shinani. Lakini vyote viwili ni vya kotiledoni mbili. Aliyeamua kwa kuangalia mizizi peke yake angeviweka pamoja na wimbi.

Sasa shina. Mahali pazuri pa kulisoma ni Bukembe, penye kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanzishwa mwaka 1975, na mashamba ya miwa yanayokizunguka. Kata muwa kwa panga kali na utazame uso wa mkato: vitone vingi vimetawanyika kutoka ganda hadi katikati. Kila kitone ni fungu la mirija, ya kupandisha maji na ya kushusha sukari. Utafune, umeze maji yake, na zile nyuzi ngumu zinazobaki mdomoni, unazozitema, ndizo hizo mirija. Sasa kata tawi changa la mparachichi au la mbuni. Hakuna vitone. Kuna duara, na kati ya ganda na ubao kuna utando laini wenye unyevunyevu. Huo ni kambiamu. Seli zake hugawanyika mwaka hadi mwaka, ndani zikijenga ubao na nje zikijenga ganda, na kwa hiyo shina hunenepa maisha yake yote.

Mimea ya kotiledoni moja haina kambiamu ya namna hiyo. Mianzi ya Mlima Elgon ni ushahidi wa wazi. Chipukizi lake huchomoza ardhini likiwa na unene wote litakaokuwa nao, kisha hurefuka tu. Upande wa Uganda wa mlima huo, Wamasaba huvikata vichipukizi hivyo vikiwa laini, huvikausha kwa moshi na kuvipika kuwa malewa, na kila kimoja tayari kina upana wa mwanzi mzima. Mgomba nao, pamoja na urefu wake, hauna ubao wowote. Kinachoitwa shina ni ala za majani zilizoviringana, na shina la kweli limejificha chini ya udongo mpaka wakati wa kutoa mkungu. Ukitaka ubao wa mlango au wa kitanda, lazima uende kwa Elgon teak, mti wa jamii ya mzeituni, au kwa mkaratusi wa kando ya barabara. Yote ni kotiledoni mbili. Misonobari iliyolisha kiwanda cha karatasi cha Webuye haimo kabisa katika hesabu hii, kwa kuwa haitoi maua.

Kuwa na kambiamu ni nguvu, na ni udhaifu pia. Mirija inayoshusha chakula kwenye mizizi iko katika ganda, nje kidogo ya utando ule. Ukilichuna ganda pande zote za shina, mizizi inakufa kwa njaa na mti unakauka. Msitu wa Elgon unalijua hili kwa uchungu: Prunus africana, mti ambao ganda lake hutafutwa duniani kote kwa dawa ya tezi dume, umechunwa kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa chini ya mkataba wa CITES. Mgomba au mwanzi hauwezi kuuawa kwa njia hiyo, kwa kuwa mirija yake imetawanyika na hakuna ganda la kuchuna.

Nguvu yake inaonekana kwenye kubebesha miche. Mkulima wa kahawa wa Kimilili mwenye mibuni mizee ya SL28 anaweza kuikata na kuibebesha kikonyo cha Batian, aina iliyotolewa mwaka 2010, akabaki na mizizi ya zamani na matunda ya aina mpya inayostahimili magonjwa. Mwenye mparachichi wa mbegu hubebesha Hass. Kazi yote ya fundi wa kubebesha ni kuoanisha kambiamu ya kikonyo na kambiamu ya shina mama mpaka ziungane. Jaribu hivyo kwa mgomba au muwa na hutapata kitu, maana hakuna cha kuoanisha. Hapa ndipo ninapoona shule inapoteza nafasi. Mwanafunzi anakariri mirija iliyotawanyika kwa ajili ya mtihani, na hakuna anayemwambia kwamba kwa sababu hiyohiyo baba yake hubebesha parachichi lakini migomba huipanda kwa machipukizi.

Tofauti nyingine yenye thamani iko mahali linapokaa jicho la kukulia. Mche wa mahindi, mpaka ufikishe majani kama sita, jicho lake liko chini ya uso wa udongo. Mbuzi akiupitia au mvua ya mawe ikiuchana, mara nyingi huchipua tena. Maharagwe yameshanyanyua macho yake juu, na yakikatwa chini ya kotiledoni yamekwisha. Nyasi za malisho huishi kwa siri hiyohiyo: ng'ombe hula ncha, na ukuaji uko shinani chini. Ila tusiliweke jambo hili kuwa sheria ya kundi zima. Mnazi ni wa kotiledoni moja, una jicho moja tu, na liko kileleni. Ukikata kilele umeua mti.

Kuanzia hapa suala linakuwa la pesa. Katika duka lolote la agroveti kuna dawa za magugu zenye 2,4-D, kemikali iliyogunduliwa miaka ya 1940. Inaiga homoni ya ukuaji ya mmea. Magugu ya majani mapana, kama kishona nguo, yakiipokea hukua bila mpangilio, hujipinda, mirija yake husongwa, na hufa. Mahindi huivunjavunja upesi na kuisafirisha kwa shida, na kwa kuwa hayana kambiamu ya kuchochewa, husalimika, mradi yapigwe yakiwa bado madogo. Dawa hii inatofautisha makundi mawili ya John Ray bila kusoma kitabu. Lakini haitofautishi haragwe na kishona nguo. Mwenye kuchanganya mahindi na maharagwe akiipiga anapoteza maharagwe yote, na shamba la jirani la nyanya liko hatarini upepo ukivuma. Shida hii haiko kwenye maandishi madogo ya chupa. Ni matokeo ya moja kwa moja ya undugu wa mimea, na kila anayeuza dawa hiyo angepaswa kuuliza kwanza: umepanda nini katikati ya mistari?

Kuna dawa za upande wa pili, kama fluazifopu, zinazoua nyasi na kuacha maharagwe. Ukiipiga kwenye kitunguu, ambacho ni cha kotiledoni moja kama nyasi, kitunguu hakifi. Wakulima wa vitunguu huitumia kusafisha sangari bila hofu. Hata ndago haifi, ingawa kwa macho inafanana na nyasi kuliko kitunguu kinavyofanana. Sababu ni kwamba dawa hiyo hukizuia kimeng'enya fulani cha kutengeneza mafuta ya seli, na umbo la kimeng'enya hicho linaloathirika kirahisi limo katika jamii ya nyasi tu: mahindi, ngano, mtama, sangari. Kumbe mpaka unaopita hapa si ule wa kotiledoni. Uko ndani zaidi, unaizunguka familia moja. Mengi tunayoyasema kuhusu "kotiledoni moja" kwa kweli tunayasema kuhusu nyasi, kwa sababu nyasi ndizo tunazokula.

Mfano wa kinyume ni naitrojeni. Tunasema maharagwe hurutubisha udongo, na ni kweli: bakteria huishi katika vifundo vya mizizi yake na kugeuza hewa kuwa mbolea. Hakuna mmea wowote wa kotiledoni moja unaojenga vifundo hivyo. Lakini sukuma wiki, nyanya na tumbaku, zote za kotiledoni mbili, haziwezi pia. Kipaji hicho ni cha jamii ya kunde na jamaa zake wachache wa karibu.

Hakuna palipo na somo kubwa kuliko kwenye kayongo, gugu ambalo Watanzania huliita kiduha. Maua yake ya waridi yanapendeza, na mkulima anapoyaona mavuno yake yameshaliwa. Kayongo ni mmea wa kotiledoni mbili uliojifunza kuishi kwa kunyonya nyasi. Mbegu zake ni kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na huweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja harufu ya mzizi. Zikiisikia, huota, hujishikiza na kunyonya maji na chakula kutoka ndani ya mirija ya hindi, mtama, wimbi au muwa. Ukiipiga 2,4-D itakufa, kwa kuwa ni ya majani mapana, lakini inapochomoza juu ya udongo uharibifu umeshafanyika chini kwa wiki kadhaa.

Harufu hiyo haitolewi na mahindi peke yake. Kemikali ya kwanza ya namna hiyo iliyotambuliwa, mwaka 1966, ilitoka kwenye mizizi ya pamba, na pamba haishikiki na kayongo. Pamba huiamsha, kisha kayongo haipati pa kujishikiza, hufa njaa. Watafiti wa ICIPE, kituo chenye kazi kubwa huko Mbita kando ya Ziwa Victoria, waligundua miaka ya 1990 kwamba desmodiamu, jamaa ya kunde, hufanya hivyo na zaidi: mizizi yake huzichochea mbegu za kayongo kuota, na wakati huohuo huzizuia kuungana na mizizi ya hindi. Ndipo ikazaliwa mbinu ya sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari, harufu ya majani yake ikiwasukuma nondo wa viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi, na nyasi ya Napier hupandwa pembezoni ikiwavuta. Mpangilio mzima unaendeshwa na tofauti kati ya kundi moja na jingine, na unamlisha ng'ombe juu yake. Katika mambo yote niliyoyagusa, hili ndilo ningetaka lifundishwe kwanza katika kila shule ya magharibi mwa Kenya.

Ni lazima pia niitenge tofauti moja inayochanganywa mara kwa mara na mada hii. Kitale ni mji wa mbegu: utafiti wa mahindi chotara ulianza huko mwaka 1955, Kenya Seed ikaanzishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1964 ikatolewa H611, iliyotokana na kuunganisha mahindi ya Kitale na mahindi kutoka Ecuador. Leo mkulima hununua mbegu ya mahindi kila msimu, lakini maharagwe anaweza kuyatunza mwenyewe miaka mingi. Chanzo chake si hesabu ya kotiledoni. Mahindi yana ua dume kileleni na ua jike ubavuni, kwa hiyo kukata dume na kuchagua baba ni rahisi. Maharagwe yana dume na jike ndani ya ua moja na hujichavusha kabla halijafunguka. Mtama ni nyasi kama mahindi, na ua lake lina vyote viwili.

Tuurudie mparachichi, maana unaubomoa ule usawa wa makundi mawili. Mbegu yake hugawanyika nusu mbili kubwa, shina lake lina kambiamu, majani yana wavu. Kwa orodha ya shule ni kotiledoni mbili bila swali. Lakini ua lake lina sehemu za tatutatu, sawa na la kitunguu. Uchunguzi wa vinasaba, uliokusanywa na wanasayansi wa kundi la APG tangu mwaka 1998 na kutolewa katika toleo la nne mwaka 2016, umeeleza fumbo hilo. Mparachichi, mstafeli, mdalasini na pilipili manga ni tawi la zamani, lililo nje ya ukoo mkubwa wa maharagwe, kahawa na mkaratusi. Yungiyungi la maji lilijitenga mapema zaidi, kabla ya makundi yote mawili kuwapo.

Kwa hiyo kotiledoni moja ni ukoo wa kweli: wote wana babu mmoja, nao ni kama tano moja ya aina zote za mimea ya maua. Kotiledoni mbili si ukoo. Ni jina la wote waliobaki baada ya ukoo mmoja kuondolewa. Kotiledoni mbili na kambiamu vilikuwapo tangu mwanzo, na wale wengine ndio walioacha. Kwa nini waliacha? Dhana yenye wafuasi wengi ni kwamba mababu wao waliishi kwenye maji au matope, mahali ambapo shina la ubao halina faida. Matawi ya kale kabisa ya ukoo huo yaliyo hai bado yana mimea mingi ya majini na ya vinamasi, na nduma, inayopenda bonde lenye maji, ni ya mojawapo ya matawi hayo. Dhana hiyo haijathibitishwa, lakini naiona ina nguvu.

Na mwishoni mwa 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba hata ule ukuta wa kubebesha una mlango. Walichukua viinitete vya mimea ya kotiledoni moja vikiwa bado vichanga ndani ya mbegu, wakaunganisha mahali pale shina linapokutana na mzizi, na vikashikana. Walifaulu kwa ngano, kitunguu, mtende na hata mgomba. Kwa migomba, inayoteswa na ugonjwa wa Panama unaoingilia mizizini, habari hiyo ni kubwa, kwani mizizi ya mgomba-mwitu unaostahimili ingeweza kubeba mgomba unaoliwa. Kikwazo kilichobaki kiko katika tunda lenyewe. Njia hiyo huanzia kwenye mbegu, na ndizi tunazopanda Bungoma hazina mbegu.